Sadaka ni malipo au siyo? Na je, tukicheka tumekufuru?

Bahasha Namba 214 (mleta mada)

Wakuu, nawasalimu wote, kila mmoja kwa salamu ya dini yake.

Kuna jamaa yangu kazini, mtu wa ibada kwelikweli. Wiki hii imebandikwa orodha ya waliopandishwa cheo na jina lake halimo. Alinuna mpaka chai ya saa nne hakuigusa. Tulipombembeleza akafunguka: "Fungu la kumi sijawahi kuruka. Namlipa Mungu kabla sijamlipa mwenye nyumba. Sasa hii ni nini?" Mimi mdomo wangu hauna breki, nikamwambia labda apige simu huduma kwa wateja. Ofisi nzima ikacheka, isipokuwa yeye na mama mmoja wa uhasibu aliyesema nimekufuru, nitubu kabla jua halijazama.

Sasa naleta mambo yote mawili hapa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mpate pa kunipiga. Sadaka siyo malipo, kwa sababu anayelipa ana haki ya kudai, na kwa Mungu hakuna dirisha la madai. Kwenye Zaburi ya 50 Mungu anawajibu watu waliodhani wanamlisha kwa dhabihu zao: "Kama ningekuwa na njaa singekuambia, maana ulimwengu ni wangu na vyote viujazavyo." Isome taratibu. Mimi nasikia kicheko humo ndani.

Lakini Biblia hiyohiyo ina Yakobo. Mwanzo 28, kijana amemkimbia kaka yake, amelala porini na jiwe kichwani, anaamka na kuweka masharti. Mungu akiwa naye, akimlinda njiani, akimpa chakula na nguo, akamrudisha salama kwa baba yake, ndipo Bwana atakuwa Mungu wake, na ndipo atatoa fungu la kumi. Angalieni mpangilio: huduma kwanza, fungu la kumi baadaye. Siku hizi tumeigeuza imekuwa kama umeme wa LUKU. Unaingiza tokeni kwanza, baraka ziwake, na giza likiingia unaambiwa kosa ni lako, hukununua za kutosha.

Nani aligeuza? Mimi simlaumu mtoaji. Someni 2 Wafalme 5. Naamani amekuja kutoka Shamu na talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Anapona ukoma kwa kuoga mtoni. Anataka kutoa, Elisha anaapa hapokei kitu. Msafara umeanza kuondoka, mtumishi wake Gehazi anatoka mbio nyuma yake na hadithi ya wageni wawili waliofika ghafla, eti bwana wangu anaomba talanta moja na mavazi mawili. Naamani kwa furaha anampa talanta mbili. Gehazi anarudi nyumbani na fedha, na nguo, na ule ukoma.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: mtu akitoa kwa hiari yake ni sadaka. Mpokeaji akitaja bei, yameshakuwa malipo, hata bahasha iwe ya rangi gani. Karibuni.

Kibajaji wa Mbagala

Ngoja waje wenye mafuta ya upako. Nimevuta kiti.

Mwana wa Usharika

Mleta mada, kanuni yako nzuri, ila umesahau mnada.

Kwetu Kilimanjaro ibada ikiisha watu hawaondoki. Tunatoka nje tunazunguka meza, na mzee wa kanisa mwenye koo la kudumu ndiye dalali. Sadaka za vitu zinaletwa pale: mkungu wa ndizi, trei la mayai, parachichi kwenye beseni, jogoo kafungwa miguu, na siku ya mavuno hata mbuzi. Yai moja la kienyeji linaanzia mia tano. Mtu wa Dar aliyepanda kwa ajili ya Krismasi anasema elfu tano. Shemeji yake hakubali kushindwa mbele ya wakwe, anasema elfu kumi. "Elfu kumi ya kwanza! Elfu kumi ya pili!" Linagongwa. Mshindi analipokea yai, analiinua watu walione, halafu anatamka maneno ninayoyapenda kuliko mahubiri mengi: "Narudisha, liuzwe tena." Nimeshuhudia yai hilohilo likiuzwa mara tatu, na mnunuzi wa mwisho akampa bibi mmoja mjane akaenda nalo kwake kwenye kitambaa cha kichwani.

Sasa niambie. Bei imetajwa, tena kwa kelele. Fedha imetoka, mali imekabidhiwa. Kwa kanuni yako hayo ni malipo. Lakini hakuna mtu pale anayeamini yai ni elfu kumi. Ile bei ni mchezo, wote tunajua ni mchezo, na ndiyo maana tunacheka. Kicheko ndicho kinachoitofautisha na gulio la Jumanne. Siku tukinyamaza pale tutaanza kuulizana mbona yai lako dogo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza na la pili mimi naona ni moja.

Fundi Bomba

Na wanaochukua chenji kwenye kapu je? Mimi ni mmoja wao, msinitazame hivyo. Naweka noti ya kumi, natoa nane, kapu linasonga. Jirani yangu kwenye benchi ananiangalia kama mwizi wakati nimeacha elfu mbili na yeye kaacha sarafu.

Kibajaji wa Mbagala

@Fundi Bomba wewe ndiye ushahidi wa mleta mada. Penye chenji pana biashara.

Fundi Bomba

Penye chenji pana mtu mwenye noti moja na watoto wanne, mkuu.

Mpanda Mbegu

Bwana asifiwe. Nimesoma yote, na naona watu mnachagua mistari inayowafurahisha. Mbona Malaki 3 mmeiruka? "Leteni zaka kamili ghalani", kisha "mkanijaribu kwa njia hiyo", muone kama hatawafungulia madirisha ya mbinguni. Hayo siyo maneno ya mchungaji wangu, ni ya Bwana wa majeshi. Na Luka 6:38, "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa." Mimi nilianza kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka, nikiwa kibarua wa kushusha mizigo. Leo nina fremu yangu ya vipuri. Ninyi mtaita malipo, mimi naita ushuhuda.

Mnasema mchungaji asitaje kiwango. Akitaja, anauza. Akinyamaza, mnaweka mia mbili, tena mnaifunika na kiganja isionekane. Umeme wa kanisa haulipwi kwa kiganja. Paulo kwenye 1 Wakorintho 9 amesema waziwazi kwamba wanaohudumia madhabahu wana fungu lao hapohapo madhabahuni. Mnaenda kwa kinyozi hamwambii "nitatoa nilichojaliwa".

Kuhusu kucheka, fungueni 2 Wafalme 2, sura chache tu kabla ya huyo Gehazi wenu. Vijana walimdhihaki Elisha kwa kipara chake, wakatoka dubu wawili mwituni wakawararua 42. Endeleeni kuchekacheka.

Kibajaji wa Mbagala

Mimi nina kipara na nimecheka. Hao dubu wakifika watachanganyikiwa waanzie wapi.

Bahasha Namba 214 (mleta mada)

@Mpanda Mbegu heshima kwako, na hongera kwa fremu. Hilo la kiganja umetupata, sina la kujibu.

Malaki naijua. Ila endelea kusoma mstari huohuo: zaka iende ghalani "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu". Chakula. Torati yenyewe inaeleza kililiwa na nani. Kumbukumbu la Torati 14: kila mwaka wa tatu fungu la kumi linawekwa malangoni kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, waje wale washibe. Na miaka mingine je? Mtoaji anakwenda nalo mpaka mahali Mungu alipochagua na analila yeye mwenyewe na nyumba yake. Kama safari ni ndefu, anauza mazao, anabeba fedha, akifika ananunua chochote roho inachotamani, na mstari wa 26 unataja ng'ombe, kondoo, mvinyo na kileo. Kileo, mkuu! Nimekaa kanisani tangu ubatizo, sijawahi kusikia mstari huo ukisomwa Jumapili ya kujaza kadi za ahadi.

Kuhusu dubu, nami nina nabii wangu. Eliya pale Karmeli. Manabii wa Baali wamelia tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hakuna jibu, Eliya anawafanyia dhihaka: mwiteni kwa sauti kuu, labda anazungumza, au ana shughuli, au anasafiri, au labda amelala, sharti aamshwe. Mtani wa kwanza wa dini ni nabii.

Wakili wa Kijiweni

Hapo kwa Eliya umeteleza, ndugu mleta mada. Eliya hakuitania dini yake, aliitania ya jirani. Leo hii ukisimama nje ya nyumba ya ibada ya wenzako ukatangaza kuwa mungu wao amelala, utakutana na kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachohusu maneno yanayosemwa kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Sheria inatazama kusudi. Mzaha wako kwa mfanyakazi mwenzako haufiki huko hata kidogo. Lakini Eliya mwache Karmeli.

Mfano wako bora ulikuwa hapa nyumbani, kwenye utani wa makabila. Mmeshazika wangapi mkaona mtani anarukia kaburini, analala chali, hatoki mpaka apewe chake? Jeneza limeshikwa na kamba, padre kafunga kitabu anasubiri, wafiwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja, na mtani kule chini anapandisha dau, anasema marehemu alikuwa bahili na ukoo mzima ni bahili. Wanachangishana, anatoka, mazishi yanaendelea. Hajawahi kuambiwa amekufuru. Na ile fedha siyo ada ya kaburi, kila mtu anajua. Akija mtu asiye mtani akafanya vilevile atapigwa.

Swali la kuuliza ni nani anacheka, na ana haki gani ya undugu. Huyo mama wa uhasibu nadhani alikuwa anauliza hilo tu.

Binti Makorora

Asalaam aleikum. Nimewasoma kimya tangu asubuhi, ngoja na sisi wa Tanga tuseme.

Kwetu huo mzaha wenu umo kwenye Qurani, na umejibiwa. Aya ya 245 ya Suratul Baqara inauliza ni nani atakayemkopesha Mwenyezi Mungu mkopo mwema, naye amzidishie mara nyingi. Mkopo! Siyo sadaka, wala zawadi. Wakatokea watu wakafanya kama alivyofanya kaka yetu hapa na simu yake ya huduma kwa wateja. Wakasema: kumbe Mungu ni fakiri na sisi ndio matajiri, ndiyo maana anakopa. Aya ya 181 ya Al Imran inasema Mwenyezi Mungu ameisikia kauli yao, na kwamba itaandikwa. Wale walikuwa wanakejeli ili wasitoe. Ndiyo tofauti ninayoiona mimi. Yule wa yai la elfu kumi anacheka na mkono umo mfukoni unatoa. Hawa walicheka na mkono umefungwa.

Sasa kama ni mkopo, mbona siyo deni? Kwa sababu aliyekopeshwa ndiye aliyekupa hicho unachomkopesha. Suratul Hajj, aya ya 37, kuhusu wanyama wa kuchinja: nyama zao hazimfikii Mwenyezi Mungu wala damu zao, kinachomfikia ni uchamungu wenu. Nyama tunakula sisi na majirani na masikini. Mbuzi hajaenda popote.

Na huyo jamaa yenu wa cheo mwambieni hivi. Ipo hadithi kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataza nadhiri, ile ya "nikipata hiki nitatoa kile". Akasema hairudishi kitu, isipokuwa kwa nadhiri hutolewa mali ya bahili. Yaani bahili hatoi mpaka aone faida mezani. Mimi niliposoma hadithi hiyo nilicheka peke yangu chumbani, maana niliwajua watu watatu wa ukoo wetu.

Ila msije mkadhani huku kwetu hakuna Gehazi. Zamani mwalimu akija kusoma hitima, mwenye nyumba anampa mkono wakati wa kuagana na ubani, yaani fedha ya kumshukuru, uko ndani ya kiganja. Hakuna anayetazama, hakuna anayehesabu. Mwenye kidogo na mwenye kingi, mkono ni uleule. Ukitaka kuaibika, uliza "ni kiasi gani". Sasa hivi wapo wanaokutajia kwenye simu kabla hawajafika: halbadiri kiasi hiki, dua ya duka kiasi hiki, usafiri juu yako. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa chuo cha Qurani. Angesikia hayo angevunja bakora.

Mwana wa Usharika

@Binti Makorora kiganja cha kwenu kinaficha ubani, kiganja cha kwetu kinaficha mia mbili. Dada, tumeshindwa.

Bahasha Namba 214 (mleta mada)

@Binti Makorora dada yangu, asante. "Bahili hatoi mpaka aone faida mezani" nitaibeba Jumatatu kazini, kwa upole.

Mtu wa Kayole

Hamjambo jirani zetu. Huku Nairobi sisi tumeona jambo ambalo sidhani wengi wenu mmeliona: kapu kurudi kwa mwenye kutoa.

Novemba 2024 rais alihudhuria misa kwenye kanisa Katoliki la Soweto, upande wetu wa Embakasi. Akaacha mamilioni ya shilingi, ya kwaya, ya baraza la parokia, ya nyumba ya padre, na ahadi ya nyingine juu yake. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatoa taarifa kwamba Jimbo Kuu la Nairobi halipokei, zirudishwe. Kumbukeni huo ndio mwaka wa vijana kuandamana mwezi Juni, na moja ya hasira zao ilikuwa kuona wanasiasa wanapewa maikrofoni altareni kwa sababu ya magunia wanayoleta. Maaskofu walikuwa wametoka kuisema serikali kwa ukali siku chache tu kabla.

Kwa hiyo mimi naongeza kwa mleta mada. Wewe umesema bei ikitajwa na mpokeaji inakuwa malipo. Huku bei haikutajwa na mtu. Mtoaji mwenyewe ndiye alikuwa ananunua, na alichonunua si baraka, ni kimya cha padre.

Hapa mtaani wanakwaya walitaniwa wiki nzima, eti rudisheni sauti mlizoimba nazo.

Mzee wa Zamani

Ipo ile ya viongozi watatu wa dini wanaogawana sadaka. Wa kwanza anachora duara, anarusha fedha juu, zinazoangukia ndani ni za Mungu. Wa pili anasema zinazoangukia nje ni za Mungu. Wa tatu anasema mimi narusha zote juu, Mungu achukue anazotaka, zikidondoka ni zangu.

Kibajaji wa Mbagala

Mzee hiyo ya mwaka 47.

Mzee wa Zamani

Na bado zinadondoka.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefanya kazi ya ukatekista vigangoni maisha yangu yote ya utu uzima, naomba nieleze sadaka ya misa, maana naona inasemwa kwa mafumbo tu. Mtu anakuja na nia yake, kumwombea marehemu au kushukuru, anatoa kitu, jina linaandikwa kwenye daftari la nia na linasomwa. Mtazamaji anaona duka. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zimeliona hilo kabla yenu. Kanuni ya 947 inataka kuepukwa hata sura tu ya biashara katika sadaka za misa. Kanuni ya 951 inasema padre akiadhimisha misa zaidi ya moja kwa siku moja, anabaki na sadaka ya misa moja tu, isipokuwa Krismasi. Nyingine anazikabidhi kwa matumizi yaliyopangwa na askofu. Mfanyabiashara gani anayejiwekea kikomo cha mteja mmoja kwa siku?

Kiwango kipo, sikatai. Maaskofu wa eneo ndio wanaokipanga, na kimepangwa ili padre asijipangie chake. Ndugu mleta mada, kanuni yako inasema bei ikitajwa basi ni malipo. Mimi nasema bei isipotajwa kabisa, Gehazi ndiye anayeitaja.

Yanayoniuma ni mengine. Mtu anafariki, familia inakuja, kiongozi wa jumuiya anafungua daftari: marehemu alikuwa na deni la zaka la miaka miwili, na mchango wa ukuta hakumaliza, hakuna ibada. Nimekuwepo mahali ambapo maiti ilisubiri wakati wanawe wakiuza baiskeli. Hilo silitetei mbele ya mtu yeyote. Kanuni ya 1181 imetaja mazishi waziwazi: kusiwe na upendeleo wa mtu, na maskini wasinyimwe mazishi yanayowastahili. Wengi wa viongozi wetu wa jumuiya hawajawahi kusomewa.

Mpanda Mbegu

@Katekista Mstaafu baba, hapo naungana na wewe. Kuzuia maiti hapana. Hata sisi tunaodai zaka hatumdai marehemu.

Ila ndugu yetu wa Usharika naye asijifiche nyuma ya mayai. Kanisa lake limeanza na Martin Luther kutoa hoja 95 mwaka 1517 kwa sababu Tetzel alikuwa anazunguka Ujerumani akiuza vyeti vya rehema, na hoja ya 27 inalipinga lile tangazo la kwamba sarafu ikilia sandukuni roho inaruka kutoka toharani. Leo usharika wao una bahasha ya jengo, bahasha ya mavuno, bahasha ya gari la dayosisi, na kila bahasha ina namba.

Mwana wa Usharika

@Mpanda Mbegu umenipata. Ya gari la dayosisi iko kwenye droo yangu, haijafunguliwa. Ila tofauti moja: sikuambiwa nikijaza nitapata gari mimi.

Mpanda Mbegu

😂😂 Haya, hiyo nimeicheka. Dubu wasije.

Abiria wa Samunge

Mnasahau kesi kubwa kuliko zote. Mwaka 2011, Loliondo, kijiji cha Samunge. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, Babu kama tulivyomwita, anasema ameoteshwa dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja kwa mtu, bei shilingi 500, na hiyo 500 yenyewe alisema imepangwa na Mungu. Hapo hamna ubishi wa nani katamka bei!

Nilikwenda na mama yangu. Foleni ya magari ilikuwa kilomita kwa kilomita, watu wamelala chini ya malori, mawaziri wanashuka kunywa kikombe kilekile cha plastiki. Mia tano hata soda haikuwa inatosha kule, maana soda zilikuwa zimepanda bei. Waliotajirika ni wenye magari, wauza maji na wauza nafasi kwenye foleni. Babu aliendelea kuishi palepale Samunge mpaka alipofariki 2021.

Kwa kanuni ya mleta mada, Babu alilipwa. Lakini mimi nilikaa pale nikamtazama yule mzee anachovya kikombe tangu alfajiri, na sikuweza kumwita mfanyabiashara. Wala siwezi kusema dawa ilifanya kazi, wapo walioacha dawa za hospitali kwa sababu yake na tuliwazika. Mama aliishi na kisukari chake kama kawaida. Akiulizwa kuhusu Loliondo alikuwa anasema, "Mia tano yangu niliitoa sadaka, nauli ndiyo iliyoniuma."

Wakili wa Kijiweni

Mama ameamua kesi kuliko sisi wote.

Bahasha Namba 214 (mleta mada)

Mkuu @Abiria, pole kwa mliowazika. Kesi yako inaipasua kanuni yangu katikati, na nafurahi imepasuliwa na mtu aliyelala chini ya lori, siyo mtu wa vitabuni. Nabaki na kipande chake kimoja, kile cha kudai. Bei inaweza kutajwa ikabaki mchezo kama mnadani, au ikabaki ndogo kama ya Babu. Ila mtu akishafika mahali pa kusema "nimetoa, kwa hiyo nipewe", au mpokeaji akisema "hukutoa, kwa hiyo usizikwe", hapo pana mteja na muuzaji, na Mungu hayumo katika mazungumzo hayo.

@Mtu wa Kayole hilo la kununua kimya sikuliwaza kabisa. Kama una muda lifungulie uzi wake, huku kwetu uchaguzi ukikaribia makapu yanajaa vilevile.

Mgeni Humu 7

Shikamooni. Mimi ni mpya. Naomba kumuuliza baba Katekista. Baba yetu alifariki, arobaini yake ni mwezi ujao. Mama anataka misa ya kumwombea. Tumeambiwa na mtu wa jumuiya kiasi cha sadaka ya misa pamoja na malimbikizo ya zaka ya baba, na mama hana. Anauza maandazi. Anaona aibu hata kwenda parokiani.

Katekista Mstaafu

Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Malimbikizo ya zaka ya marehemu na nia ya misa ni vitu viwili, mtu wa jumuiya asiwafungie pamoja. Kanuni ya 945 inawahimiza mapadre waadhimishe misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata bila kupokea sadaka yoyote. Mama asipitie kwa mtu wa jumuiya. Aende ofisini siku ya kazi, asubuhi, amwone paroko mwenyewe, aseme jina la marehemu, tarehe, na aseme wazi hana kitu. Paroko wengi wataandika hapohapo. Asiende Jumapili baada ya misa, kuna watu wengi, ataona aibu.

Akisumbuliwa niandikie kwa faragha uniambie ni jimbo gani, nitamtafuta katekista wa parokia hiyo aende naye.

Mgeni Humu 7

Asante baba. Je, aende na maandazi?

Katekista Mstaafu

Akitaka. Paroko anakunywa chai saa nne.

Mpanda Mbegu

Mgeni, mimi si Mkatoliki. Mama anauzia maandazi wapi? Wafanyakazi wangu wanakunywa chai kila siku.